Nyumba Iliyovishwa Matambara

"Tathmini ile haikuwa ya kodi."

Maneno hayo ya Afisa Ardhi tuliyaacha wiki iliyopita yakining'inia katika ukumbi wa shule, juu ya vichwa vya watu wazima waliojibanza kwenye madawati ya watoto. Bado yananing'inia. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye wenzake humwita Spika kwa kuwa hajapata kukutana na ukimya asioujaza.

"Mheshimiwa, hebu rudia polepole. Huku nyuma masikio yetu yamechoka."

"Haikuwa ya kodi ya majengo," Afisa akarudia, na safari hii alitabasamu. "Ilikuwa ya fidia. Barabara yenu inajengwa upya na kupanuliwa. Nyumba za upande wa kushoto zinavunjwa. Kila mwenye nyumba atalipwa kwa kadiri nyumba yake ilivyoonekana siku tulipoikagua."

Ilivyoonekana.

Neno lile lilitembea dawati kwa dawati, na kila lilipopita mtu aliinamisha uso.

Kwani nyumba hizo zilionekanaje siku ile? Msomaji unayeingia leo, sogea karibu nikueleze. Uvumi ulikuwa umeufikia mtaa kwamba jiji linapandisha kodi, na kwamba mwenye nyumba nzuri ndiye atakayeumia zaidi. Asubuhi moja mtaa mzima ukajivua uzuri wake. Milango ya mbao ngumu iling'olewa, magunia yakatundikwa mahali pake. Vigae vilimwagiwa udongo. Madirisha ya vioo yalizibwa kwa maboksi. Shangazi, mwoka mikate wa nyumba ya kona, alilirundikia tanuri lake la matofali majani makavu, akafunga mbuzi mlangoni, kisha akaapa mbele ya wakaguzi kwamba hilo ni banda. Harufu ya mkate ilikuwa imejaa pua za kila mtu alipokuwa akiapa.

Na mthamini aliyeandika "banda la mbuzi" alikuwa binti wa kaka yake.

Binti huyo mtaani huitwa Kalamu, kwa sababu tangu utotoni hakuonekana bila kalamu sikioni. Wazazi wake walipofariki, Shangazi alimchukua. Alikulia chumba cha nyuma, akilala mgongo wake umeegemea ukuta uliopashwa joto na tanuri lile lile. Ofisini hakuna aliyejua kwamba ana ndugu katika mtaa huu. Na ukumbini hakuna aliyejua jambo la pili, isipokuwa Shangazi peke yake: uvumi wa kodi ulitoka kinywani mwa Kalamu, jioni moja, akipaka siagi kwenye mkate.

Sasa alikuwa ameketi meza kuu, kushoto kwa Afisa, kidole chake kikiwa juu ya kitufe cha projekta. Mbele yake walikuwa watu waliomfunza kutembea. Nyuma yake ulikuwa ukuta.

"Basi tumeelewa," akasema Spika, akajaribu kusimama. Dawati likainuka naye, akaketi tena. "Njooni mkague upya. Safari hii mtatukuta tumevaa."

Kicheko kidogo kikapita, kama cha wagonjwa wanaomsubiri daktari.

"Ukaguzi umekwisha," Afisa akajibu. "Leo ni kutia saini. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba."

"Na asiyetaka?"

Afisa alielekeza kidevu dirishani. Tingatinga la jiji lilikuwa limeegeshwa kwenye lango la shule, limeziba karibu nafasi yote. Wakazi walikuwa wameingia mmoja mmoja, wakijipenyeza ubavuni mwake huku wamevuta matumbo ndani.

"Asiyetaka atabomolewa kama wengine," alisema. "Tofauti ni kwamba atabomolewa bure."

Muuza Nyama, mtu mnene ambaye dawati lilikuwa limemkamata kiunoni kama mkanda, aliinua mkono.

"Mimi nataka kuelewa jambo moja. Kwa nini upande wa kushoto? Kulia kuna nini?"

Mhandisi, kijana mwembamba aliyekuwa amesimama kando ya ramani tangu asubuhi bila kuketi, alimjibu kwa heshima.

"Upande wa kulia kuna bomba kuu la maji, mzee wangu."

"Bomba lina thamani kunipita?"

"Bomba haliwezi kuhamishwa."

"Na mimi, ukinitazama hivi, naonekana nahamishika?"

Safari hii walicheka kweli. Hata Mhandisi aliinama kuficha meno. Lakini Mke wa Spika hakucheka. Alikuwa ameketi ubavuni mwa mumewe, mikono imekunjwa, akimtazama Afisa bila kupepesa.

"Barabara tumeiomba sisi wenyewe, tena kwa miaka," alisema. "Mvua ikinyesha tunawabeba watoto mgongoni kuwavusha. Tuliomba barabara ipite mtaani, mheshimiwa. Hatukuomba ipite sebuleni."

"Mama, kila mradi una..."

"Sijamaliza. Nyumba yangu ina vigae. Vyeupe, vya maua. Nilivichagua kimoja kimoja."

"Picha inaonyesha udongo."

"Udongo tuliumwaga sisi. Mpaka leo nautoa kwenye kona kwa kijiko."

Chini ya dawati, mguu wa Spika uliutafuta mguu wa mkewe na kuukanyaga. Ulichelewa.

"Rudia hapo," Afisa akasema, na sauti yake ikawa laini ghafla. "Mliumwaga nyinyi? Kwa makusudi? Nauliza kwa sababu kanuni inasema anayemdanganya mthamini kwa makusudi hupoteza fidia yote. Rudia, mama, ili iandikwe."

Ukumbi mzima ulimtazama mwanamke yule.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Kwa hiyo sakafu yako ni ya udongo."

"Ni ya udongo."

Alilisema kama mama aliyelazimishwa kumkana mwanawe sokoni. Mumewe akamnong'oneza, "Afadhali, mama watoto." Naye akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Usiniite mama watoto. Watoto wenyewe hawana pa kulala."

Ndipo watu walipouona mtego kwa ukamilifu wake. Wakisema kweli, hawapati kitu. Wakiushikilia uongo, watalipwa fidia ya banda, nayo haitoshi kununua hata kiwanja cha kulisimamishia banda lenyewe. Kanuni iliyotungwa kumzuia mwongo ilikuwa sasa inawazuia watu wasiiache njia ya uongo hata wanapotamani kuiacha.

Muuza Nyama alijaribu kupenya kwa nguvu.

"Mnaongea kana kwamba tumedanganya. Nani ana ushahidi?"

"Binti," Afisa akamwambia Kalamu bila kumgeukia, "bonyeza."

Kalamu akabonyeza.

Ukutani palitokea sebule ya Spika, magunia mlangoni, na katikati yake mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika, anatafuna pazia.

"Endelea."

Jikoni kwa Fundi Viatu. Mbuzi mweupe, sikio limechanika.

"Endelea."

Ukumbi wa nyumba ya wajane wawili. Mbuzi yule yule, na sasa alitazama kamera kama mtu aliyezoea kupigwa picha.

"Huyu mbuzi ana nyumba nyingi kuliko jiji," mtu akasema kutoka nyuma, na ukumbi ukapasuka. Walikuwa wamemkimbiza mbuzi huyo siku nzima kupitia nyua za nyuma, mlango mmoja mbele ya wakaguzi, kila nyumba ikimkopa ili ionekane duni. Hakuna aliyekumbuka kwamba kamera hukumbuka masikio.

"Mbuzi huyu ni wa nani?" Afisa akauliza.

Muuza Nyama akakohoa. "Alikuwa wangu, mheshimiwa. Kwa sasa hawezi kutoa ushahidi."

Hata waliokuwa na machozi walicheka. Afisa aliwaacha wacheke mpaka wakaishiwa. Kisha akazungumza kwa utulivu wa mtu anayefunga dirisha moja baada ya jingine.

"Mnaona kwamba naweza kuwanyima wote, nyumba kwa nyumba. Sitaki kufika huko. Nawahurumia. Tieni saini kwa thamani iliyoandikwa, nami nitamsahau mbuzi."

Hapo Mhandisi akasogea hatua moja kutoka kwenye ramani.

"Kuna kifungu kingine," alisema.

"Si lazima," Afisa akamkata.

"Nadhani ni lazima, mkubwa wangu. Kama wakazi walipotoshwa kuhusu sababu ya ukaguzi, na aliyewapotosha ni mtumishi wa ofisi yetu, tathmini yote inafutwa. Inafanywa upya. Na hakuna mkazi anayeadhibiwa."

Ukumbi ulivuta pumzi kama mtu mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mahali fulani katika ukuta ule palikuwa na mlango.

Afisa alimtazama Mhandisi kwa muda. Kisha akageuka, tabasamu limerudi mahali pake.

"Mwenzangu amesahau kumalizia. Mtumishi huyo anafukuzwa na kushtakiwa. Na kama ana ndugu miongoni mwa wenye nyumba, ndugu huyo hapati fidia hata ya tofali moja. Haya. Nani aliwaambia kwamba ni kodi?"

Shingo zote zilimgeukia Spika.

"Msinitazame hivyo jamani. Mimi nilitangaza tu, kutangaza ndiyo kazi yangu. Na mimi niliambiwa na..." Akasita. Macho yake yalimtafuta jirani yake, yakampata, yakaona haya. "Niliambiwa na Shangazi. Unisamehe, jirani. Nimeulizwa."

Shangazi alikuwa ameketi wima, mwembamba, unga mkavu ukiwa umebaki kwenye kiwiko chake. Dawati halikumbana. Ni yeye peke yake katika ukumbi ule aliyetoshea.

"Mama," Afisa akasema, "wewe uliambiwa na nani?"

"Hakuna."

"Uliota?"

"Mimi huamka kukanda unga watu wote wamelala, mheshimiwa. Muda wa kufikiri ninao mwingi. Nilifikiri, nikafikiri vibaya."

"Kwa hiyo hakuna mtu wa ofisini kwangu aliyekuambia."

"Ofisini kwako namjua nani mimi? Mikate yangu haijafika huko."

"Shangazi," Fundi Viatu akaita kutoka safu ya tatu, "kama yupo, mtaje tu. Tutalala wapi sote?"

"Umesikia nilivyojibu."

"Unamlinda nani?"

Swali hilo halikuhitaji jibu, kwa kuwa mtaa ule haukuwa wa wageni. Jicho moja liliielekea meza kuu, kisha likakimbia. La pili likafanya vivyo hivyo. Fundi Viatu mwenyewe alitazama, akakumbuka viatu vya kwanza vya shule alivyovishona kwa ajili ya miguu fulani midogo, akayashusha macho yake kwenye vidole vyake.

Kalamu aliyaona macho yale yote. Alijipimia njia zake, kama alivyofundishwa kupima nyumba: kutoka pembe hadi pembe. Akisema, mtaa utapona, yeye ataingia mahakamani, na Shangazi ataondoka katika nyumba ya kona bila kitu, na tanuri lake litageuzwa kifusi cha kujazia barabara. Akinyamaza, Shangazi atalipwa fidia ya banda na majirani wote vilevile, na yeye ataendelea kuketi meza kuu, akipandishwa cheo kila baada ya muda, mpaka azeeke.

Akamtazama Shangazi. Shangazi akatikisa kichwa, kidogo mno, kwa namna ile aliyokuwa akitikisa zamani mtoto alipounyosha mkono kuelekea trei iliyotoka motoni.

Kalamu akasimama.

"Ni mimi," alisema.

Afisa akageuka. "Unasemaje?"

"Mimi ndiye niliyesema ni kodi. Nililisema nyumbani, mezani. Yule mama ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Ndiye aliyenilea. Na nililiandika tanuri lake kuwa banda nikijua kuwa ni tanuri."

Mtu mmoja nyuma akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Kalamu hakuwa amemaliza.

"Lakini sikulibuni. Sisi wathamini tuliambiwa ni kodi. Wewe ndiye uliyetuambia, Bwana Afisa, asubuhi tulipokuwa tukigawiwa mitaa. Nilipouliza kwa nini tunakagua upande wa kushoto tu, ulicheka ukasema kodi nayo huanzia mahali fulani."

Msomaji, ungetarajia mtu huyo afoke. Ungetarajia apige meza, aite askari, amnyang'anye binti kitambulisho mbele ya watu. Hakufanya lolote katika hayo. Jasho lilichomoza juu ya mdomo wake, na kwa muda mfupi Afisa Ardhi alikuwa mtu pekee ukumbini aliyebanwa kuliko Muuza Nyama. Nyumba zikithaminiwa kama banda, jiji hulipa fidia ya banda, naye husifiwa kwa kubana matumizi. Tathmini ikifanywa upya, ataulizwa nani aliyeanza kulitamka neno kodi.

Kisha akampata mtu wa kumwokoa. Alimgeukia Shangazi kwa upole mkubwa.

"Hawa vijana wakitoka chuoni huwa na mioyo laini, mama. Binti huyu amewahurumia, anataka kujitoa mhanga. Hebu tuambie. Unamfahamu?"

"Shangazi," Kalamu akasema. "Tafadhali."

Mwanamke yule alimtazama mtoto aliyemlea. Alimtazama kuanzia nywele alizozoea kuzisuka mpaka kwenye kola aliyoipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe siku ya kwanza ya kazi. Halafu akamgeukia Afisa.

"Simjui."

"Una hakika?"

"Alikuja siku ile na karatasi zake. Akauliza, akaandika, akaondoka. Hata maji hakunywa."

Hilo la maji lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomchoma Kalamu kuliko mengine. Siku ile alikataa glasi aliyonyoshewa, akihofia kwamba akinywa katika nyumba ile angesahau na kuketi.

Shangazi aliamini amemtoa mtoto wake motoni. Hakuona alichomkabidhi mtu yule.

"Mmesikia wenyewe," Afisa akatangaza. "Mwenye nyumba hamjui. Hakuna ndugu, hakuna meza, hakuna aliyepotoshwa na ofisi yangu. Binti, keti. Tutazungumza kesho."

Kalamu hakuketi.

"Uliza ukumbi," Mhandisi akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nami nimesikia alichosema. Nikiulizwa nitalazimika kusema kwamba ukumbi haukuulizwa."

Afisa aliitoa mfukoni mwake leso, akajifuta polepole, akaikunja.

"Sawa. Anayejua kwamba binti huyu ni wa nyumba ya kona, anyooshe mkono."

Wote walijua. Hakukuwa na mtu katika madawati yale ambaye hakumjua. Mikono ilikuwa palepale, juu ya magoti, chini ya mbao zilizochorwa na watoto, na kila mmoja ulikuwa mzito kama gunia la saruji. Kuuinua kulikuwa kuokoa paa lako mwenyewe na kuliondoa la Shangazi. Kuuacha chini kulikuwa kumheshimu jirani, na kulala naye nje.

Spika alikuwa akitazama dari.

"Nyoosha," mkewe akamnong'oneza.

"Nyoosha wewe."

"Wewe ndiye mwenyekiti."

"Leo si mwenyekiti. Leo niko likizo."

"Umeongea maisha yako yote. Leo huhitaji hata kuongea, unahitaji kuinua kiganja."

"Siwezi, mke wangu. Tunachangia ukuta na yule mama. Namsikia akikohoa."

"Na mimi nawasikia wanangu wakikoroma. Nani atawalaza?"

Mke wa Spika akamgeukia Shangazi, ambaye alikuwa safu moja mbele, na akazungumza na kisogo chake.

"Jirani, usinichukie."

Shangazi hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyoshuka.

Mke wa Spika akaunyosha mkono wake juu, wote, mpaka bangili zikateremka hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono mmoja katika ukumbi mzima. Uliwaka pale katikati kama taa. Mhandisi aliuona. Kalamu aliuona, na pumzi aliyokuwa ameishikilia ikamtoka, huku moyo wake ukivunjika kwa ajili ya nyumba ya kona. Fundi Viatu aliuona, na vidole vyake vikaliachia goti, kisha vikalishika tena.

Afisa Ardhi aliutazama mkono ule kwa utulivu, kuanzia ncha za vidole hadi kwapani, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Halafu akautazama ukumbi.

"Sioni mkono," alisema. "Leteni wino. Tunaanza na nyumba ya kona."